Kliniki za mtaani hazipati habari za chanjo: dalili, chanzo na tiba

Mwongozo huu ni wa yule aliyeachiwa kazi ya kuwaarifu madaktari, maafisa wa kliniki na wauguzi wa mtaani wakati chanjo ya janga, kama ile ya COVID-19, inasambazwa. Huenda wewe ni mratibu wa chanjo wa kaunti ndogo, huenda ni afisa wa uhamasishaji, au ni katibu wa chama cha wenye kliniki uliyeangukiwa na kazi hii kwa sababu simu yako haikosi bando. Malalamiko yaliyomo ni yale yaliyojirudia Kisumu na kaunti jirani tangu Machi 2021, chanjo ya kwanza ya COVID-19, AstraZeneca, ilipoingia Kenya, hadi 2022 foleni zilipokwisha. Yamepangwa jinsi watu wanavyoyasema. Chini ya kila lalamiko, chanzo cha kawaida kimetangulia na kilicho nadra kimekuja mwisho. Usirukie cha mwisho. Mara nyingi shida ni namba ya simu.

Kabla ya yote, tazama orodha yako ilivyotungwa. Karibu kila orodha huanza na vituo vinavyochanja, na huishia hapo. Lakini mwaka 2021 chanjo ilianzia hospitali kubwa chache, na tarehe 2 Aprili serikali ikasimamisha uagizaji na utoaji wa chanjo kupitia sekta binafsi. Mama wa mtaa wa Nyalenda, Kisumu, hakupanda matatu mpaka Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi, kwenda kuuliza kama chanjo ni salama kwa mtu mwenye presha. Aliuliza pale anapopimiwa presha kila mwezi, kwenye kliniki ya vyumba viwili ambayo haikuwa na kichupa hata kimoja. Kliniki isiyochanja ndiyo inayoulizwa kutwa nzima, na ndiyo iliyosahauliwa. Makosa mengi yaliyo hapa chini yanatoka hapo.

"Habari za chanjo naambiwa na wagonjwa"

Daktari wa Kondele anafungua mlango asubuhi, na mgonjwa wa kwanza anamuuliza kama ni kweli wenye miaka 58 kwenda juu sasa wanachanjwa. Yeye hajui. Mgonjwa amesikia Ramogi FM akinywa chai.

Anza kwa kufungua orodha na kutafuta jina la kliniki hiyo. Usimuulize msaidizi wako kama limo, litafute mwenyewe. Chanzo kinachoongoza ni kwamba halimo kabisa, kwa kuwa orodha ilinakiliwa kutoka kwa vituo vinavyochanja watoto, na kliniki nyingi za binafsi hazina friji ya chanjo. Kinachofuata: jina limo, lakini namba ni ya mwenye kliniki, naye yuko Nairobi au yuko tawi la Ahero, na ujumbe unalala kwake mpaka atakapokumbuka. Cha tatu: namba ni ya muuguzi aliyehama miezi sita iliyopita, na sasa taarifa zako zinasomwa vizuri sana na mtu wa Eldoret asiyezihitaji.

Tiba ya haya yote ni moja, na inachosha. Chukua Orodha Kuu ya Vituo vya Afya ya Wizara, ambayo kila kituo kina namba yake ya utambulisho, uilinganishe na yako. Itakupa majina mengi yaliyokosekana, ila ina vituo vilivyofungwa zamani na haina vilivyofunguliwa juzi. Kwa hivyo usiishie hapo. Wape wahudumu wa afya ya jamii orodha ya mtaa wao waisahihishe. Nyamrerwa, kama mhudumu huyo anavyoitwa kwa Dholuo, anajua kila lango: anajua kliniki ipi ilihamia ng'ambo ya barabara, ipi ilibadilisha jina, na kemisti ipi ina "daktari" nyuma ya pazia. Tangu 2023 zaidi ya wahudumu 100,000 nchini wamepewa mikoba ya kazi na simu, kwa hiyo kusahihisha orodha si kazi ya mwezi tena.

Kila kliniki iwe na namba mbili: ya anayefungua mlango asubuhi na ya mwenye mali. Kemisti nazo ziingie. Kuna wanaopinga hili, wakisema kemisti si kliniki. Sawa, lakini anayeuza Panadol ndiye huulizwa kama mtu ameze Panadol kabla ya kuchanjwa.

Ukikuta namba ni sahihi na ujumbe ulifika, basi redio ilikutangulia. Hapo tatizo liko ofisini. Weka kanuni na mkubwa wako aikubali: kama mkurugenzi wa afya atazungumza redioni asubuhi, kliniki zipate habari hiyo jioni iliyotangulia, hata kama ni mistari mitatu. Mwenye kliniki akishaaibika mbele ya wagonjwa wake mara mbili, hatafungua tena ujumbe wako wa tatu.

"Uliingia, lakini sikuusoma"

Tiki mbili zipo, pengine hata za bluu, ila hakuna aliyefanya lolote.

Chanzo cha kwanza ni kelele za grupu. Grupu la WhatsApp lenye watu 180 ambapo kila mtu anaweza kuandika litajaa rambirambi, michango ya harusi, mstari wa Biblia wa alfajiri na kura za maoni. Watu hulizima sauti, na hawana makosa. Fungua grupu jingine ambalo admini pekee ndiye anayeandika. La zamani liache liendelee na harusi zake.

Chanzo cha pili ni waraka uliopigwa picha. Kurasa tisa za Kiingereza, zimeskaniwa kwa kupindapinda, uzito wa megabaiti kadhaa, na kilichobadilika kimefichwa ukurasa wa sita. Muuguzi aliye peke yake na wagonjwa kumi na mmoja kwenye benchi hawezi kuufungua, na wakati mwingine bando lake haliruhusu. Tuma mistari mitano ya maandishi matupu kwanza, waraka ufuate kwa anayeutaka.

Cha tatu ni saa ya kutuma. Tarehe 18 Juni 2021 kaunti 13 za ukanda wa ziwa ziliwekewa kafyu ya saa 1 jioni hadi saa 10 alfajiri, kwa sababu ya kirusi cha COVID-19 aina ya Delta. Kliniki zikaanza kufunga saa 11 ili watu wawahi matatu, na ofisi ambazo ziliendelea kutuma taarifa saa 12 jioni zilikuwa zinaandikia milango iliyofungwa. Wakati wa kutuma ufuate saa za kliniki.

Nadra zaidi, ila ipo: mtu ana kabambe, simu ndogo isiyo na WhatsApp. Kwake tuma SMS ya kawaida. Huko Seme na Nyakach, ambako intaneti huja na kuondoka, SMS ndiyo njia kuu, na WhatsApp ni ya ziada.

Jambo dogo linalosumbua kuliko linavyostahili ni saa yenyewe. Ukiandika "kituo kinafunguliwa saa 2", wapo watakaokuja asubuhi na wapo watakaokuja mchana baada ya chakula, kwa kuwa wamezoea kusoma saa ya Kizungu kwenye simu. Andika "saa 2 asubuhi (8:00)". Kila mara, hata kama inakuchosha.

"Mimi nina wiki 8, jirani yangu anasema 12"

Hili ndilo linalovunja imani ya wagonjwa haraka kuliko yote. Mtu anauliza kliniki mbili zilizo barabara moja, anapata majibu mawili, na anaamua kwamba wote hawajui.

Mfano halisi ni muda kati ya dozi mbili za AstraZeneca. Mwanzoni Kenya iliweka wiki 8. Kisha India, ilikotengenezwa shehena yetu ya kwanza, ikazuia kuuza nje kwa sababu ya mlipuko wake yenyewe, dozi zikaadimika, na muda ukasogezwa hadi wiki 12. Mabadiliko hayo yalikuwa na msingi wa kitabibu, kwa kuwa kinga haikudhoofika kwa kusubiri. Lakini ujumbe wa wiki 8 ulikuwa bado unazunguka. Haukuwa na tarehe. Mtu aliuona mwezi Mei, akaona ni mpya, akausambaza kwa nia njema.

Kagua hivi: omba kila upande utume ujumbe ulio nao. Kama mmoja wao hauna tarehe, umeshapata mhalifu. Kama zote zina tarehe, tazama kama wa pili unasema waziwazi kwamba unafuta wa kwanza. Mara nyingi hausemi. Unataja kanuni mpya tu na kumwachia msomaji akumbuke ile ya zamani na kuifuta mwenyewe kichwani. Chanzo cha tatu ni kwamba watu wawili ofisini wanatuma, kila mmoja kwa grupu lake. Cha nne, ambacho si kosa la mtu, ni kwamba kliniki moja inazungumzia chanjo nyingine. Kufikia Septemba 2021 nchi ilikuwa na AstraZeneca, Moderna, Pfizer, Johnson & Johnson na Sinopharm, kila moja na ratiba yake, na Johnson & Johnson ilikuwa dozi moja. "Dozi ya pili ni lini?" halina jibu mpaka ujue alichanjwa ipi.

Ujumbe unaozuia haya unaonekana hivi:

*Chanjo, Kisumu ya Kati. Alhamisi 8 Julai, saa 9 alasiri (15:00). Namba 14.*
*Kinachobadilika: AstraZeneca, dozi ya pili ni baada ya wiki 12. Wiki 8 haitumiki tena.*
*Mwambie mgonjwa: kuchelewa hakuharibu dozi ya kwanza, wala haanzi upya.*
*Kisichobadilika: wanaostahili ni wale wale wa ujumbe namba 12.*
*Ujumbe huu unafuta namba 9.*
*Swali: piga simu ya zamu. Usijibiwe na grupu.*

Namba ya mfululizo ndiyo siri yake. Daktari akiona ana 12 na 14, anajua amekosa 13 na ataiomba. Bila namba, hajui hata kwamba kuna kitu alikosa. Ule mstari wa "mwambie mgonjwa" usiuache pia. Ndio unaofanya kliniki zote barabarani zitamke maneno yale yale, na ukiwa na mtu wa kuuandika kwa Dholuo safi, uweke na huo, maana swali litaulizwa kwa Dholuo.

Kuna namna nyingine ya ugonjwa huu, inayohusu sheria. Tarehe 21 Novemba 2021 Waziri Mutahi Kagwe alitangaza kwamba kuanzia 21 Desemba ambaye hajachanjwa hatahudumiwa ana kwa ana katika ofisi za serikali. Kliniki zikafurika watu wenye swali moja: je, nitanyimwa huduma? Mwezi uliofuata Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo. Wenye kliniki walibaki na tangazo la kwanza bila la pili, kwa sababu hakuna aliyeona kwamba habari za mahakamani ni kazi ya idara ya afya. Ukishalitangaza jambo kwa kliniki, wewe ndiye utakayelifuata mpaka mwisho wake.

*Simama hapa:* kama nyaraka mbili rasmi kutoka ngazi ya juu zinapingana, usichague mwenyewe iliyo bora. Zuia kutuma, mpigie mkurugenzi wa afya wa kaunti ndogo, na uziandikie kliniki kwamba kanuni ya zamani inaendelea mpaka mtakapopata jibu.

"Niliwatuma watu watano, wote wamerudi"

Daktari alimwelekeza mzee wa miaka 71 kituoni, mzee akalipa boda kutoka Mamboleo, akaambiwa arudi Jumatatu. Jumatatu mzee hakurudi kituoni wala kwa daktari.

Wa kwanza kulaumiwa huwa ni upungufu wa dozi, na mara nyingine ni kweli. Lakini kagua kwanza lile la kawaida: dozi zilikuwepo, kichupa hakikufunguliwa. Kichupa cha AstraZeneca kilikuwa na dozi 10 na kikishatobolewa kilitakiwa kitumike ndani ya saa 6. Cha Johnson & Johnson kilikuwa na 5. Muuguzi aliye na watu watatu saa 9 alasiri husita kukifungua, kwa kuhofia kutupa saba na kuulizwa maswali. Kwa hiyo "chanjo ipo" na "utachanjwa ukifika" ni habari mbili tofauti, na kliniki zilipewa ya kwanza tu.

Kinachosaidia ni kumfanya daktari wa mtaani awe mkusanyaji. Aandike majina na simu kwenye daftari, akifika wanane au kumi apige kituoni, wapangiwe saa moja. Hii haihitaji programu yoyote. Inahitaji kituo kiwe na simu inayopokelewa, na hilo lenyewe si dogo.

Chanzo cha pili ni taarifa ya akiba iliyopitwa na wakati. Ripoti ya Ijumaa inasema dozi 200, kliniki inaisoma Jumatano. Kwa chanjo inayotafutwa, dozi 200 huisha asubuhi moja. Tuma hali ya akiba kila siku ya kuchanja kabla ya kufunga, kwa maneno matatu yasiyohitaji hesabu: *ipo*, *inaisha*, *hakuna*. Na siku ambayo hakuna kilichobadilika, tuma vivyo hivyo: "Hakuna kipya leo. Ya jana yanaendelea." Watu huliona hilo kama upuuzi wa kumaliza kredi. Ukweli ni kwamba daktari asiyepata chochote hawezi kutofautisha siku tulivu na siku aliyosahauliwa.

Cha tatu ni muda wa chanjo kwenye friji. Pfizer ya wakati ule ilihifadhiwa kwenye baridi kali ya karibu nyuzi 70 chini ya sifuri, na ikishashushwa kwenye friji ya kawaida ya nyuzi 2 hadi 8 ilikuwa na siku 31. Moderna iliyoyeyushwa ilikuwa na siku 30. Kwa hiyo zilifika kwa mafungu, zikatolewa kwa kasi, na zikakatika. Ukiwaeleza madaktari hilo mara moja, wanaacha kudhani kwamba kuna mtu anaficha dozi.

Mwisho ni la nadra, mtu kutumwa kituo ambacho hakikuwa cha kundi lake. Kagua ni kundi lipi lililotajwa katika ujumbe wa mwisho.

*Simama hapa:* ikiwa kliniki inayohifadhi chanjo imepotelewa na stima usiku, au kipimajoto cha friji kimeonyesha chini ya 2 au juu ya 8, habari hiyo haijadiliwi kwenye grupu wala haiamuliwi na mwenye kliniki. Vichupa visitumike na visitupwe. Viwekwe kando ndani ya baridi sahihi, viandikwe "visitumike", muda na kiwango cha joto vinukuliwe, na mratibu wa chanjo apigiwe simu mara hiyo hiyo. Yeye ndiye anayetoa uamuzi. Chanjo iliyoganda ikayeyuka huenda isionekane tofauti kwa macho.

"Alichanjwa kwingine, leo amenijia mgonjwa"

Hapa ndipo kliniki isiyochanja inapobeba mzigo mkubwa kuliko inavyojulikana. Kituo cha chanjo humwangalia mtu dakika 15, au 30 kama aliwahi kupata mzio mkali, kisha mtu huenda nyumbani. Kitakachotokea usiku ule, au wiki mbili baadaye, kitaonekana mtaani. Daktari wa Manyatta akiwa hana habari, atafanya moja kati ya makosa mawili: atasema "ni chanjo tu, itaisha", au atamwambia mgonjwa asichanjwe tena.

Kosa la kwanza ni hatari zaidi kwetu sisi watu wa ziwani. Homa, maumivu ya mkono na uchovu kwa siku moja hadi tatu baada ya chanjo ni mambo ya kawaida. Lakini huu ni ukanda wa malaria. Mtu anaweza kuchanjwa Jumatatu akiwa na vimelea vya malaria tayari mwilini, na homa yake ya Jumanne ikahesabiwa kuwa ya chanjo. Katika kila ujumbe kuhusu maudhi ya chanjo, weka mstari huu: homa, pima malaria, hata kama amechanjwa jana. Kwa mtoto na mjamzito usisubiri hata saa moja.

Kisha uwape kliniki orodha fupi ya yasiyo ya kawaida, waibandike nyuma ya mlango. Baada ya AstraZeneca au Johnson & Johnson, hasa kati ya siku ya 4 na ya 28: kichwa kinachouma sana na hakitulii, macho kuona ukungu, kifua kuuma, pumzi fupi, mguu mmoja kuvimba, tumbo lisiloacha kuuma, au madoadoa ya damu chini ya ngozi mbali na alipodungwa. Damu kuganda kwa namna hiyo ni nadra sana, ila hutibiwa tofauti na kuganda kwa kawaida, na heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, inaweza kuzidisha. Baada ya Pfizer au Moderna, hasa kwa vijana wa kiume: kifua kuuma au moyo kwenda mbio katika siku chache za mwanzo.

*Simama hapa, na usimalize kusoma kwanza:* mtu aliyechanjwa karibuni ambaye anakosa pumzi, amevimba midomo au uso, au anazimia, ni dharura. Adrenalini kwenye misuli ya paja kama kliniki inayo na mtoa huduma amefunzwa, na gari la kwenda hospitali wakati huo huo. Mwenye mojawapo ya dalili za orodha ya hapo juu apewe rufaa siku hiyo hiyo kwenda hospitali inayoweza kuhesabu chembe sahani za damu. Hakuna anayeandika kwenye grupu kuuliza "wenzangu mnaonaje?" kabla mgonjwa hajaondoka.

Ikiwa kliniki zinaona maudhi na ofisi haipati ripoti hata moja, chanzo kikuu ni dhana kwamba anayeripoti ni yule aliyechoma sindano. Si hivyo. Mtoa huduma yeyote anaweza kuripoti kwa Bodi ya Dawa na Sumu kupitia mfumo wake wa mtandaoni, au kupitia mratibu wa kaunti ndogo. Chanzo cha pili ni woga: daktari anadhani kuripoti ni kukiri kosa, au kwamba wataanza kuchunguza leseni yake. Mwambie wazi kwamba haitakiwi awe na uhakika chanjo ndiyo iliyosababisha. Akiwa na shaka, aripoti. Kisha, na hili husahaulika, mrudishie jibu. Aliyeripoti mwezi Juni akakosa hata "tumepokea" hataripoti mwezi Agosti.

"Amechanjwa, jina haliko kwenye mfumo"

Hii ni fupi. Kagua namba ya kitambulisho kwanza, maana tarakimu moja ikikosewa mtu hupotea. Kisha namba ya simu aliyojisajili nayo. Wengi walitumia ya mtoto au ya jirani. Kisha uliza kama siku hiyo kituo kiliandika kwa karatasi kwa sababu ya mtandao, kwani karatasi huingizwa baadaye. Kama zimepita wiki mbili na jina halipo, arudi kituo alichochanjwa na kadi yake. Kliniki ya mtaani haiwezi kurekebisha rekodi, kwa hiyo isimwahidi. Na asichanjwe tena ili tu jina litokee.

"Hii namba inaomba pesa ya kuhifadhi nafasi"

Kila chanjo inapoadimika, matapeli hufika. Ujumbe una nembo, una lugha ya ofisi, unaomba shilingi kadhaa kwa simu. Chanjo ya COVID-19 ya serikali ilikuwa bure, na mstari huo ungekuwa chini ya kila taarifa tangu siku ya kwanza. Kama kliniki inakuuliza ujumbe fulani ni wa kweli, jambo hilo lenyewe ni dalili kwamba hawajui sauti yako. Tuma kutoka namba moja isiyobadilika, na useme mapema kwamba hutawahi kuomba pesa wala namba ya siri. Namba ya mtapeli anayetumia Safaricom itumwe 333.

Uvumi ni jambo jingine. Machi 2021 kulikuwa na kundi la madaktari nchini lililopinga chanjo hadharani na kupendekeza dawa zisizothibitika, na wagonjwa wakawauliza madaktari wao wa mtaani: nani tumwamini? Waliokuwa wameachwa gizani hawakuwa na la kusema. Uvumi ukivuma, tuma mistari miwili siku hiyo hiyo, mmoja wa jambo lenyewe na mmoja wa ukweli, bila kumtukana aliyeuamini. Usisambaze tena ile video ili kuikanusha. Utakuwa umeipeleka kwa watu ambao hawakuwa wameiona. Umma unaweza kuelekezwa 719, namba ya bure ya Wizara.

"Tunatuma kila siku, kliniki hazijibu"

Huenda hakuna kibaya. Ujumbe mzuri hauhitaji jibu. Ila kama hujui ni kliniki ngapi zimebaki nawe, chagua tano kila wiki, zisizo za mjini pekee, uzipigie na kuuliza swali moja: mgonjwa akikuuliza leo nani anachanjwa na wapi, utamjibu nini? Jibu lao litakueleza zaidi ya tiki zote za bluu. Wakikosea wote watano, ujumbe ulikuwa mbaya. Akikosea mmoja, namba yake ni mbaya.

Chanzo cha pili cha ukimya ni kwamba waliwahi kuuliza wakajibiwa kwa ukali mbele ya wenzao. Simu ya zamu, inayopokelewa na mtu mmoja kwa saa zinazojulikana, huondoa hilo. Swali likiulizwa mara tatu na kliniki tofauti, liingie kwenye ujumbe wa jioni bila kumtaja aliyeuliza.

*Simama hapa:* kliniki ikituma jina la mgonjwa, picha ya kitambulisho au matokeo ya vipimo kwenye grupu, yafute, mwambie aliyetuma afute kwake pia, na umjulishe mkubwa wako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu hata grupu la WhatsApp la watu wema. Mkibishana kama jambo ni la kuripotiwa au la, hilo ni la mwanasheria wa kaunti.

Na namba inayokosa kupatikana siku tatu mfululizo usiiache ilale kwenye orodha. Mtume mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa huo apite pale. Akikuta kufuli, amuulize jirani kliniki ilihamia wapi, nawe iondoe au iandike upya siku hiyo, na umwambie mratibu, kwa sababu wagonjwa wa kliniki hiyo sasa wanaulizia mahali pengine na huko ndiko ujumbe unaofuata unapotakiwa kufika.